Ajala, Siyo Ajali

Haya nayaandika kwa mtu ambaye leo asubuhi ameketi kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari, cheti kikiwa mkononi na miguu ikiwa haimsikii. Sikujui jina, lakini benchi lako nalijua. Ubao wake wa katikati umelegea, na ukuta wa nyuma una alama nyeusi ya vichwa vya watu waliochoka kusubiri. Mimi nimelikalia zaidi ya mwaka mmoja. Sitakueleza ugonjwa huu unafanyaje kazi mwilini, maana wapo waliosomea. Nitakueleza yaliyonipata mimi.

Naishi Gurei, upande wa magharibi wa Juba, karibu na pampu ya maji. Watu huniita Mwalimu kwa sababu nafundisha ubatizo na kusoma masomo kanisani kasisi asipokuwapo. Kiswahili nilikipata Kenya wakati wa ukimbizi, katika chuo cha kanisa nilikosoma miaka mitatu. Nina umri wa miaka sitini na minne sasa. Ugonjwa ulinianza nikiwa na sitini na miwili.

Wakati ule nilikuwa mtu wa baiskeli. Kila Jumanne na Alhamisi nilikwenda kuwaombea wagonjwa na wafiwa, na baiskeli yangu nyeusi ilinijua kama punda anavyomjua mwenyewe. Hapa Juba hatuiiti baiskeli. Kwa Kiarabu chetu ni ajala. Nilipokuwa Kenya nilisema baiskeli kama wenzangu, lakini niliporudi nyumbani mdomo ulirudi nao. Hata nikizungumza Kiswahili, nasema ajala bila kujisikia. Naomba ukumbuke neno hilo, kwa sababu lilinigharimu.

Mvua zilikuwa zinaisha. Nilikuwa natoka Nyakuron kwenye msiba, nimepanda baiskeli, nikasikia kitu kati ya mabega, kama mtu amenigusa mgongoni kwa kidole cha moto. Kesho yake kidole hakikuondoka. Wiki ya pili nikaenda kwenye zahanati moja mjini.

Aliyenipokea alikuwa muuguzi kijana, amerudi kutoka Kenya miezi michache tu, Kiarabu chetu bado hakijui. Alifurahi kusikia Kiswahili changu. Akaniuliza, "Mzee, haya maumivu yalianzaje?"

Nikamjibu, "Yalianza na ajala, binti."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa.

"Pole sana, mzee wangu. Ajali haina kinga."

Mimi napenda methali. Nilidhani ananifariji kwa hekima, kama vijana waliolelewa vizuri wanavyowafariji wazee. Nikatikisa kichwa nikasema, "Ni kweli, binti. Tunamwachia Mungu." Naye akaandika. Juu ya karatasi yangu akaweka herufi tatu kubwa: RTA.

Mimi nilidhani ni jina la idara. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiamulia mwenyewe. Kila nilipofika getini mlinzi aliniuliza, "Unaenda wapi, mzee?" nami nikajibu kwa uhakika, "RTA." Akanielekeza kwenye benchi la watu wa mifupa, pamoja na vijana wa bodaboda waliofungwa plasta. Walinipiga picha ya kiuno na nyonga, wakasema mifupa ni mizima. Walinipa vidonge vya maumivu na mkanda wa kuvaa tumboni. Daktari mmoja aliniambia, "Mfupa ukigongwa huchukua muda, mzee. Vumilia." Lile neno *ukigongwa* lilinishangaza kidogo, lakini nilidhani madaktari husema hivyo kuhusu maumivu yote. Nikavumilia. Kuvumilia nilifundishwa tangu utoto, na nilikuwa nimeugeuza uvumilivu kuwa kazi yangu.

Mwili nao ulikuwa na habari zake. Usingizini nililowa jasho hadi shuka. Chakula kikawa kama majani. Jumapili moja kanzu yangu ya kusomea ilianza kuburuta chini, na mke wangu, Mama Keji, akaniuliza, "Nani ameirefusha hii kanzu?" Akaipinda upindo. Baada ya wiki tatu ikaburuta tena, akaipinda mara ya pili. Tulicheka. Hatukujua kwamba kanzu ilikuwa ileile na mimi ndiye niliyekuwa nafupika.

Karibu na Krismasi nilikuwa natembea kuelekea mbele ya kanisa kusoma, nikasikia watu wananong'ona. Mama mmoja akanifuata polepole akiwa ameshika kandambili. Ilikuwa yangu. Ilikuwa imenivuka mguuni hatua kumi nyuma, na mimi sikusikia.

Mama Keji alikuwa na jibu lake. "Ni ile ajala. Nilikwambia. Mtu wa umri wako, na barabara hizi za mawe!" Akaitoa baiskeli yangu, akampa kaka yake aliyekuwa anasafiri kwenda Kajo-Keji. Sikumzuia. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nikaisikia ikisukumwa nje.

Binti yetu mkubwa, Keji, ni mwalimu wa shule huko Eldoret. Alikuja kwa Krismasi. Alinikuta uani, akanisalimu, akasubiri nisimame kumpokea. Nilipochelewa akaona. Aliomba karatasi zangu zote, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazisoma moja baada ya nyingine.

"Baba," akasema, "uligongwa na gari lini?"

"Gari gani?"

"Hapa wameandika umegongwa. Karatasi zote. RTA ni ajali ya barabarani."

"RTA ni idara," nikamwambia.

"Idara gani, Baba? Nani alikwambia?"

"Hakuna. Niliona tu."

Akafungua mdomo kucheka, kicheko kikageuka njiani. Mama yake akatoka jikoni. "Nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ngoja kwanza. Baba, siku ya kwanza ulimwambia nini yule nesi? Maneno yenyewe."

"Nilimwambia yalianza na ajala. Nilikuwa nimepanda ajala, ndipo…"

Nikakumbuka kalamu ikiwekwa chini. Nikakumbuka methali.

"Na yeye akasikia ajali," Keji akasema.

Mama Keji akakaa chini pale pale kwenye vumbi. "Miezi mitatu," akasema. "Kwa herufi moja."

Yule binti simlaumu, na nakusihi usimlaumu wako kama unaye. Sikio lake lilisikia neno alilolizoea, na langu lilisikia nililolipenda. Lakini nakuomba kitu kimoja: soma kilichoandikwa kwenye cheti chako. Usipokielewa, uliza, hata kama wewe ni mtu mzima na watu wanakuita Mwalimu. Mimi niliona aibu kuuliza, nikaiita aibu hiyo uvumilivu.

Keji alinipeleka hospitali nyingine kwa raksha, ile pikipiki ya magurudumu matatu, amenikumbatia kiunoni nisiteleze. Alimwambia daktari, "Hajagongwa na kitu chochote. Tafadhali anzeni kama hajawahi kutibiwa." Wakapiga picha ya mgongo wa juu, pale penye kidole cha moto. Mifupa miwili ilikuwa imeliwa, na nundu ndogo ilikuwa imeota pale ambapo mimi sikuweza kuiona na mke wangu alidhani ni kukonda. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari alisema, "Kama tungekuona mapema…" kisha akaangalia dirishani. Nilimuuliza kuhusu miguu. "Inaweza kurudi, mzee. Inaweza isirudi. Tutajua dawa zikiisha, baada ya mwaka."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu.

Mwezi wa kwanza wa dawa ulikuwa wa kiangazi, joto la Januari, bati linalia. Asubuhi ya pili Mama Keji alitazama mfuko wa mpira wa mkojo niliowekewa hospitali, akapiga kelele, akatoka nje kuita watu. Mkojo ulikuwa mwekundu kama karkade, ile juisi ya maua mekundu. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa ndiyo inayoupaka rangi. Majirani walikuwa wameshaanza kuimba nyimbo za maziko mlangoni alipofika mtu mmoja aliyewahi kutumia dawa hizo, akacheka hadi akashika ukuta. Kwa hiyo nakwambia mapema: utaona wekundu, usiite watu.

Mwezi wa pili sikuwa na mwili kuanzia kifuani kwenda chini. Nilikuwa nao, lakini kama mzigo wa mtu mwingine nilioachiwa niutunze. Mama Keji alinigeuza asubuhi, mchana na jioni, nisipate vidonda. Yeye si mtu mkubwa. Siku moja alishindwa katikati ya kunigeuza, nikabaki nimelala ubavu, uso ukutani, naye akapiga kitanda kwa kiganja. "Nimechoka, Baba Keji." Kisha akasema, "Siyo wewe. Ni uzito." Niliutazama ule ukuta. Sikuweza hata kugeuka kumtazama.

Mvua ya kwanza ilikuja mwezi wa nne. Keji alikuwa amesharudi shuleni kwake. Mwanangu Lado yuko Bor kikazi, na mke wake, Jokudu, anaishi nasi. Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe wake, wala haingii anapolala. Mchana huo Mama Keji alikwenda sokoni, mimi nikajaribu kufikia kikombe cha maji, nikaanguka kati ya kitanda na mlango. Jokudu alisikia. Akaja mbio, akasimama nje ya pazia.

"Baba? Baba, umeanguka?"

"Nimeanguka, mwanangu. Usiingie."

Nilimsikia akilia. Mvua ilianza kugonga bati. Pazia likasogea kidogo, mkono wake ukapita chini, uso umegeuzwa pembeni, ukasukuma mto hadi karibu na kichwa changu, kisha shuka, kisha kikombe. Halafu akaketi nje ya mlango, mgongo wake kwangu, akaanza kuimba nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya juu kuliko mvua, nisije nikadhani ameondoka. Aliimba kwa muda wa karibu saa mbili. Kibaraza chetu hakina paa. Mama Keji alipofika alimkuta ameloa hadi mifupani na sauti imekauka. Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, nami nimeyatoa mengi. Sijui kama nimewahi kuhubiriwa kama siku ile.

Sala zangu zilikuwa zimeniishia. Sisemi kwamba niliacha kuamini. Maneno ndiyo yaliyokwisha. Nililala nikatafuta sala, nikapata neno moja: Haya. Asubuhi nilisema Haya, na dawa ziliposhuka kooni nikasema Haya. Nikiwa Mwalimu ningemkemea mtu anayeomba hivyo.

Mwezi wa tano, katika ukumbi wa kusubiri, nilimwona Loro kwa mara ya kwanza. Mama Keji alikuwa amenikalisha kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali, gurudumu moja la mbele likiwa halizunguki. Mlangoni kulikuwa na ugomvi. Mtu mfupi, mwenye nundu kubwa mgongoni, alikuwa anaingiza baiskeli yenye matairi manene ndani ya ukumbi, na mlinzi anamzuia.

"Ajala inabaki nje!"

"Nje wataiba. Wewe utalipa? Mimi nakaa dakika kidogo tu."

Akaiegemeza ukutani, akageuka kwetu wagonjwa, akapandisha shati juu mbele ya watu wote, wanawake kwa wanaume. "Angalia vizuri," akasema. "Mgongo kama yako. Jina yangu Loro, fundi wa pancha pale Sherikat, karibu na daraja. Mimi nilimaliza dawa miaka mbili sasa. Kila mwezi nakuja hapa kuonyesha mgongo. Nani anataka kushika? Ni bure."

Watu wakacheka. Alikulia Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, hakijali sana neno gani linakubaliana na lipi. Akaja hadi kwenye kiti changu, anatembea anayumba kama bata.

"Mzee, miguu?"

"Haipo."

"Iko. Imelala tu. Yangu ililala mwaka moja. Mpaka leo kutembea inanishinda, wewe umeona. Lakini kwa ajala, mimi ni kijana. Jumamosi mimi na wenzangu tunapanda Jebel pale, kwa njia ya watu ya kuponda mawe. Siku zingine tunaenda mpaka Nesitu, mbali kule nje ya mji."

"Wewe? Mlimani?" Mama Keji akamuuliza. "Kwa nini mlimani?"

"Kule hakuna lori, Mama. Na ukianguka, unaanguka kwa nyasi." Kisha akainama kwangu kama anayenipa siri. "Sikia. Ukitembea, mguu nabeba mtu. Kwa ajala, kiti ndiyo nabeba mtu. Mguu nasukuma tu. Si ni kazi rahisi?"

Mama Keji akasimama. "Wewe bwana, usimdanganye mume wangu. Ajala ndiyo ilimlaza hapa."

Alijua sivyo. Keji alikuwa amemweleza, daktari alikuwa amemweleza. Lakini mtu akibeba mzigo muda mrefu hutafuta wa kumlaumu, na baiskeli haikuweza kujitetea. Loro hakubishana. Aliniambia tu, "Jumamosi asubuhi angalia Jebel. Mimi nitavaa nyekundu."

Kutoka uani kwetu mlima unaonekana vizuri. Jumamosi nilimwomba Mama Keji anitoe nje, sikumwambia sababu. Nilisubiri tangu chai. Saa nne hivi niliona nukta tatu zikipanda kwenye ule mwamba, moja nyekundu, polepole kama kunguni ukutani. Ilipotea nyuma ya jiwe, nikashika pumzi. Ikatokea tena. Sikuwahi kutamani kitu kama kile tangu nilipokuwa kijana, na nilikuwa mtu asiyeweza kukaa bila kuegemezwa. Tangu hapo nilizihesabu wiki kwa Jumamosi. Mvua ilipozuia watu kupanda nilinuna kama mtoto, na Mama Keji akadhani ni dawa.

Mwezi wa saba alikuwa ananiosha miguu. Akasimama ghafla, sabuni mkononi.

"Huu mguu umevutwa na nani? Wewe au mimi?"

"Sijui. Wewe umevuta?"

"Mimi sijavuta."

"Basi vuta tena tuone."

"Siyo mimi nivute, Baba Keji, wewe vuta!"

Kidole gumba kilisogea. Kidogo sana, kama mtu anayejibu salamu hataki. Mama Keji akaufunika mguu wote kwa taulo, haraka, kana kwamba kuna mtu angekuja kuuchukua.

Usidhani baada ya hapo nilisimama nikabeba mkeka wangu. Mwezi wa tisa nilisimama kati ya vyuma viwili alivyonichomelea jirani, miguu ikitetemeka kama cherehani. Mwezi wa kumi na mmoja nilifika chooni kwa fimbo mbili, nikalia humo ndani peke yangu kwa shukrani, kwa kuwa peke yangu. Hapo ndipo iliposimama. Dawa ziliisha kiangazi kilipoanza kukomaa. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo chake, akaandika, akasema kwa upole, "Nadhani itabaki hapa, mzee." Kwa hiyo jibu la swali letu la mwaka mzima lilikuwa nusu. Hatua ishirini kwa fimbo mbili, kisha kukaa. Bado naomba nivuliwe viatu.

Wiki ile Loro alikuja Gurei na baiskeli mbili, yeye kapanda moja, ya pili anaiburuta kwa mkono. "Hii ni ajala ta jebel," akasema, maana yake baiskeli ya mlimani. Ilikuwa fupi, matairi manene, imepakwa rangi ya bluu kwa brashi. Mama Keji aliingia ndani, akatugeuzia mgongo. Loro alinipakiza kama mtoto, akanifunga nyayo kwenye pedali kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akanisukuma. Na miguu ile isiyoweza kunifikisha kwa jirani ikaanza kuzunguka. Haikuwa na nguvu, lakini ilizunguka. Upepo ukanigusa usoni. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuutengeneza upepo mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kusimama. Baiskeli ikisimama, mtu huweka mguu chini. Mimi mguu wangu ukigusa chini unakunjika. Kwa hiyo niliweza kwenda lakini sikuweza kufika, mpaka awepo mtu wa kunidaka. Loro alikuwa na sheria moja: "Kabla ya kuondoka, jua nani atakushika."

Jebel nilijaribu mara moja. Nilifika kwa wanawake wanaoponda mawe, chini kabisa, miguu ikakakamaa, Loro na wenzake wakanifungua na kunishusha mgongoni. Mwanamke mmoja akauliza bila kuacha nyundo, "Mzee, umekuja kuvunja mawe au mifupa?" Niliona haya, na nilifurahi, vyote siku moja.

Barabara ya Nesitu ni ya lami, na kule ndiko nilikotaka kwenda. Tulijiandaa wiki nyingi. Siku yenyewe tuliondoka alfajiri, tukavuka daraja, tukaiacha Sherikat nyuma. Loro alikuwa kando yangu muda wote, na kila penye msongamano aliniwekea mkono begani, akanishikilia wima hadi njia ifunguke. Tulifika. Tulikunywa chai nikiwa bado juu ya baiskeli, nimeegemezwa kwenye nguzo ya duka, kwa sababu kunifungua na kunifunga upya ni kazi. Tukageuza. Jua lilipanda. Kwenye kilima kidogo Loro alinisukuma kwa mkono mmoja akiendesha kwa mwingine, anatukana kwa Kiganda, anaomba radhi kwa Kiswahili kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa.

Tulipita mjini salama. Tulipokaribia njia ya kuingia Gurei nikasikia mlio, pyuuu, nyuma yangu.

"Pancha!" Loro akapiga kelele. "Fundi wa pancha amepata pancha! Mwalimu, usisimame! Endelea! Mimi nakuja!"

Sikuweza kusimama hata kama ningetaka. Nikaendelea peke yangu, mara ya kwanza tangu ule msiba wa Nyakuron. Nilipofika nyumbani uani palikuwa patupu. Mama Keji alijua nitarudi na Loro, hakuwa na sababu ya kungoja nje. Nikapita mlango wetu. Nikazunguka pampu ya maji nikarudi. Nikaita, "Mama Keji!" Pampu ilikuwa inapiga kelele. Nikazunguka tena.

Wanawake wenye madumu wakaanza kushangilia. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini wakasimama juu ya pikipiki zao.

"Ya salaam, Mwalimu! Kumbe unajua!"

"Nishikeni!" nikasema.

"Anasema tumshike! Mwalimu, tutakushika vipi, uko mbio!"

"Sichezi! Nishikeni!"

Wakapiga miluzi na makofi. Wengi wao walikuwa wamenijua nikiwa wa kubebwa, na walichokiona ni muujiza, na mtu akiona muujiza hauingilii. Nikazunguka mara ya nne, ya tano. Mapaja yalianza kutetemeka. Duara likawa dogo, na baiskeli ikawa nzito, ikapungua mwendo, na vishangilio vikazidi. Nilitazama ardhi iliyokuwa ikinijia na nyayo zangu zilizofungwa. Nilikuwa katikati ya watu wanaonipenda, na hakukuwa na hata mmoja wa kuninyoshea mkono.

Mama Keji akatokea mlangoni, mikono imejaa unga wa asida, ugali wetu. Alitazama mara moja tu. Hakutazama uso wangu. Alitazama miguu, ile aliyoigeuza mwaka mzima.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Hachezi!"

Akakimbia. Mwanamke yule hakuwa ameigusa baiskeli ile hata siku moja. Alishika kiti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanishika mimi, na kwa sababu nilikuwa naanguka tayari, tulianguka pamoja, sisi na baiskeli, kwenye tope la pampu.

Mtu akaacha kupiga pampu.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Sijui. Miguu bado haijasema."

Akaanza kunifungua ile mipira ya pedali. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa unga na tope, akatumia meno. Alipomaliza hakusimama. Alikaa pale pale kando yangu, watu wote wakitutazama, kitenge chake kimeharibika.

"Mlifika wapi?"

"Nesitu."

"Nesitu," akarudia. Akapangusa mkono kwenye magoti yangu, si yake. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainama kumtazama, na alikuwa anacheka.

"Siku nyingine," akasema, "niambie saa ya kurudi. Nitoke nje mapema."